Makaratasi Yako Ni Amana: Kazi Imekwisha, na Wakili Hapokei Simu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosoma ukurasa huu kwa Kiswahili hapa Mbale tumevuka mpaka kuja kutafuta elimu. Wapo waliotoka Mombasa, wapo wa Tanga na Unguja, wapo wa Kigoma na Bukavu. Chuo chetu kilifunguliwa mwaka 1988, kutokana na uamuzi wa mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974. Ukiwa mwanafunzi, barua ya chuo inakusimamia mbele ya ofisi ya uhamiaji. Siku unapohitimu na kupata kazi, barua hiyo haikusimamii tena. Anayekusimamia sasa ni mwajiri, na mara nyingi mwajiri naye humkabidhi wakili kazi hiyo. Pasipoti yako na shahada yako halisi vinaingia kwenye faili lililo katika kabati la mtu usiyemjua vizuri.

Je, kazi ikikatika ghafla, na wakili akakataa kukupa makaratasi yako, utafanya nini? Sheria inasema nini, na dini yetu inasema nini? Hilo ndilo somo letu la leo.

Kisa cha ndugu yetu

Ndugu mmoja, kwao Tanga, alimaliza masomo ya uhasibu hapa Mbale. Akapata kazi katika kiwanda kimoja Jinja, mji wenye viwanda vingi tangu bwawa la umeme lilipojengwa pale kwenye mto Nile mwaka 1954. Jina lake tunalihifadhi, na kiwanda na wakili pia hatuwataji. Alifanya kazi mwaka mmoja na nusu. Kibali chake kilipokaribia kwisha, mwajiri alimwambia apeleke pasipoti, shahada halisi na cheti cha polisi cha tabia njema kwa wakili wa kampuni, ili ombi la kuongeza muda liandaliwe mapema. Akapeleka. Hakupewa risiti, wala yeye hakuomba.

Wiki tatu baadaye akapewa barua ya ukurasa mmoja: kampuni inapunguza wafanyakazi. Alipompigia mama yake simu, mama alimwambia, "Mwanangu, rizki iko kwa Mungu. Rudi nyumbani upumzike." Yeye hakuwa na pasipoti ya kurudia.

Akaenda ofisini kwa wakili. Karani akamwambia, "Ssebo, wakili yuko kotini. Njoo Jumatatu." Jumatatu akaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi wakili alikuwepo, akamjibu akiwa amesimama mlangoni: "Kijana, faili hili ni la kampuni. Kampuni haijanilipa. Wakinilipa, utachukua vitu vyako."

Kwa kuwa kodi ya chumba cha Jinja ilimshinda, alihamia kwa rafiki zake hapa Mbale. Kila alipoitwa alipanda gari kupitia barabara ya Tirinyi na Iganga mpaka Jinja, karibu kilomita 150, na kurudi mikono mitupu. Mara nne. Wakati huohuo shule moja ya Mbale ilikuwa tayari kumwajiri, lakini ikataka kuona pasipoti yake na kibali cha zamani kabla ya muhula kufunguliwa.

Hatari yenyewe iko wapi

Kuna jambo ambalo wengi hatulijui mpaka litupate. Kibali cha kazi kinamtaja mwajiri na kazi. Ndugu yetu alihesabu kwamba kibali chake kina miezi miwili mbele, akaona muda upo. Muda huo haukuwa wake. Kazi ikikatika, kibali kilichotolewa kwa ajili ya kazi hiyo hakikupi ruhusa ya kufanya nyingine, hata tarehe yake ikiwa bado.

Wengine husema, "Sisi ni raia wa Afrika Mashariki, hatuna shida." Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine na kukaa kama mgeni hadi miezi sita. Lakini kukaa ni jambo moja, na kufanya kazi ni jambo jingine linalohitaji kibali chake. Na ili upigiwe muhuri wa kukaa, lazima uwe na pasipoti au hati ya kusafiria mkononi. Kwa hiyo anayekuzuilia pasipoti amekuzuilia njia zote tatu: kubaki kihalali, kupata kazi nyingine, na kurudi kwenu.

Maswali matatu

Siku moja baada ya swala ya Alasiri, ndugu yetu alimweleza mkasa wake mwalimu mmoja wa sheria. Mwalimu hakumpa pole nyingi. Alimuuliza maswali matatu: "Kila karatasi iliyomo mle ni ya nani? Nani alimpa wakili kazi? Na ni tarehe gani uliomba makaratasi yako kwa maandishi?"

Swali la tatu lilimnyamazisha. Alikuwa amepiga simu zaidi ya thelathini, lakini hajawahi kuandika hata mstari mmoja.

Tuyachukue maswali haya moja moja.

*Kila karatasi ni ya nani?* Tusilitazame faili kama kitu kimoja. Ndani yake mna mafungu matatu. La kwanza ni vitu vyako: pasipoti, shahada halisi, cheti cha tabia njema, picha, na kibali kilichotolewa kwa jina lako. La pili ni vitu vya mwajiri: hati za usajili wa kampuni, hati zake za kodi, barua yake ya kukuombea kibali. La tatu ni vya wakili mwenyewe: rasimu zake na kumbukumbu alizojiandikia. Ukidai "faili langu" unampa wakili nafasi ya kujibu kwamba faili si lako, na kwa sehemu atakuwa anasema kweli. Dai fungu la kwanza, kwa orodha, kitu kimoja kimoja. Na pasipoti ina daraja lake la peke yake. Kwa sheria ni mali ya serikali iliyoitoa, nawe umekabidhiwa kuitumia. Haiwi rehani ya deni la mtu.

*Nani alimpa wakili kazi?* Hapa kuna jambo la kisheria lenye faida kubwa. Sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza inamtambulia wakili haki ya kuzuia makaratasi ya mteja wake mpaka alipwe ujira. Haki hiyo ipo, tusiikanushe. Lakini inamhusu mteja na mali ya mteja. Wakili hawezi kupata juu ya kitu haki kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo mteja wake. Ikiwa mteja ni kampuni, na deni ni la kampuni, basi shahada ya mfanyakazi haikuwa mali ya kampuni hata izuiliwe kwa deni hilo. Wakili aliposema "kampuni haijanilipa" alidhani anajitetea, kumbe amekiri kwamba ndugu yetu hadaiwi kitu.

Kama wewe mwenyewe ndiye uliyempa kazi, hali ni tofauti. Mwombe hesabu ya ujira wake kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Mawakili ya Uganda, wakili hawezi kukushtaki kwa ujira wake mpaka upite mwezi mmoja tangu akukabidhi hesabu hiyo, na ukiona imezidi unaweza kuomba ikaguliwe na ofisa wa mahakama. Kinachodaiwa kwa haki, kilipe. Kama huna, omba kulipa kidogo kidogo, na uandike.

*Uliomba lini kwa maandishi?* Simu haina ushahidi. Mwenyezi Mungu, katika aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ametufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, yakiwa madogo au makubwa. Sisi tunaisoma aya hiyo katika darasa, kisha tunakabidhi pasipoti bila hata kipande cha karatasi.

Amana katika dini yetu

Mafaqihi wanafundisha kwamba mkono wa wakili ni mkono wa amana. Kitu kikipotea kwake bila uzembe wake, hakilipi. Lakini mwenye mali akikitaka, naye akakizuia bila udhuru, amana inageuka kuwa dhamana. Tangu saa hiyo anabeba mzigo wa lolote litakalokipata.

Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Wafasiri wengi wanaihusisha na ufunguo wa Al-Kaaba, siku Makka ilipofunguliwa. Ufunguo ulichukuliwa kwa Uthman bin Talha, na walikuwepo watukufu waliotamani uwe wao. Mtume (s.a.w.) akamrudishia Uthman. Mwenye mji mzima mkononi mwake hakuuzuia ufunguo mmoja usio wake.

Kumbukeni pia usiku wa Hijra. Watu wa Makka walikuwa wamepanga kumuua Mtume (s.a.w.), na amana zao walikuwa wameziweka kwake. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma kwa siku tatu ili amrudishie kila mtu kitu chake. Kama amana hurudishwa kwa anayetaka kukuua, vipi isirudishwe kwa kijana aliyepoteza kazi?

Kwa uadilifu tuseme pia upande wa pili. Mafaqihi wa madhehebu ya Hanafi walimruhusu fundi ambaye kazi yake inaonekana katika kitu, kama mpaka rangi au mshonaji, kukizuia kitu hicho mpaka alipwe. Wanaojifunza sheria waone jinsi hoja hii inavyokaribiana na ile haki ya wakili. Lakini fundi huizuia nguo aliyoishona kwa deni la mwenye nguo. Haizuii nguo ya jirani.

Barua iliyofungua kabati

Usiku ule, kwa msaada wa mwalimu, ndugu yetu aliandika barua ya ukurasa mmoja. Aliiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama na ofisi hapa Uganda. Maana yake ilikuwa hivi:

"Mheshimiwa Wakili, tarehe fulani nilikabidhi ofisini kwako vitu vifuatavyo kwa maelekezo ya mwajiri wangu: pasipoti yenye namba hii, shahada halisi, cheti cha tabia njema. Ajira yangu ilikoma tarehe fulani. Sikuwa mteja wako na sina deni kwako. Naomba nirudishiwe vitu hivyo ndani ya siku saba, pamoja na namba ya ombi lolote lililopelekwa uhamiaji kwa jina langu. Iwapo kuna sababu ya kisheria ya kuvizuia, tafadhali nijulishe kwa maandishi. Nitashukuru tukilimaliza jambo hili kwa heshima."

Angalia barua hiyo. Haina tusi wala kitisho. Ina tarehe, orodha, muda maalumu, na swali ambalo wakili hataki kulijibu kwa maandishi. Chini aliandika kwamba nakala imepelekwa kwa mwajiri. Alichapisha nakala mbili, akaenda nazo Jinja pamoja na ndugu wawili kutoka jumuiya yetu, na karani akagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yake. Siku hiyohiyo alipita ofisi ya uhamiaji akaeleza hali yake akiwa na nakala ile, kabla hajasimamishwa na mtu yeyote barabarani. Anayekwenda mwenyewe kueleza husikilizwa tofauti na anayekamatwa.

Siku ya tano karani alimpigia simu: "Njoo uchukue."

Wakili asipojibu

Si kila barua hujibiwa. Kama siku saba zimepita kimya, panda ngazi moja baada ya nyingine.

Kwanza, hakikisha kwamba ni wakili kweli. Wapo madalali wengi wanaoitwa mawakili, wale ambao Watanzania huwaita vishoka. Wakili halali wa Uganda ana cheti cha kufanya kazi kinachohuishwa kila mwaka, na unaweza kuuliza kwa Uganda Law Society, chama cha mawakili kilichoanzishwa mwaka 1956. Kama si wakili, basi hakuna haki ya wakili ya kuzuia kitu, na jambo hilo ni la polisi.

Pili, kama ni wakili, mlalamikie kwa Law Council, chombo kilicho chini ya Wizara ya Sheria mjini Kampala. Kamati yake ya nidhamu ina uwezo wa kumwonya wakili, kumtoza faini, kumsimamisha au kumfuta kazi hiyo. Malalamiko hupelekwa kwa hati ya kiapo, na viambatisho vyake ni ile barua yenye muhuri. Bila barua, utaapa juu ya simu.

Tatu, kama kuna fedha ulizolipa kwa kazi isiyofanyika, mahakama za hakimu zina utaratibu wa madai madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Kwanza unampa mdaiwa notisi ya siku 14, kisha unasimama mwenyewe bila wakili.

Nne, kuhusu pasipoti, uarifu ubalozi wenu. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Kampala. Ubalozi unaweza kumwandikia anayeizuia mali ya serikali yake, au kukupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani.

Tano, usimsahau mwajiri, kwa maana yeye ndiye aliyekutuma kwa wakili huyo. Mwandikie, umtake amwagize wakili wake akuachie vitu vyako. Omba pia hati ya utumishi, ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa haki ya kuipata. Chini ya sheria hiyo, aliyefanya kazi kati ya mwaka mmoja na mitano anastahiki notisi ya mwezi mmoja. Kama uliachishwa bila haki, malalamiko kwa ofisa wa kazi wa wilaya yanatakiwa ndani ya miezi mitatu. Usiruhusu vita vya pasipoti vikumalizie miezi hiyo.

Kuhusu maombi yenyewe: siku hizi yanafanywa mtandaoni, na majibu huenda kwenye barua pepe iliyoandikwa katika ombi. Wakili akiandika barua pepe yake, wewe huoni kitu. Ndiyo maana namba ya ombi ni muhimu. Ukiwa nayo pamoja na pasipoti, unaweza kuuliza mwenyewe uhamiaji, bila kumpitia mtu. Ada ya serikali nayo hulipwa kwa namba ya malipo ya URA, ile PRN. Anayekuambia umpe fedha mkononi "za serikali" bila namba hiyo, mwombe namba.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni rushwa. Katika safari yake ya tatu, ndugu yetu aliambiwa na mtu pale ofisini, "Toa kitu kidogo, faili litatembea." Tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji. Ni kweli wanavyuoni wengi wamesema kwamba aliyezuiliwa haki yake, asipate njia nyingine kabisa, akalazimika kutoa, dhambi ni ya mpokeaji. Lakini sharti lao ni zito: asipate njia nyingine. Mtu ambaye hajaandika hata barua moja hawezi kusema njia zimekwisha.

Mtego wa pili ni ulimi. Rafiki zake walitaka waweke jina na picha ya wakili kwenye makundi ya WhatsApp. Imam Nawawi, katika Riyadhus-Swalihin, ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhuluma. Law Council wana uwezo huo, ubalozi wana uwezo huo, mwajiri anao. Kundi la watu mia mbili wanaocheka halina uwezo wa kufungua kabati. Tena ukikosea jambo moja katika maneno yako, wewe uliyedhulumiwa unageuka mshitakiwa.

Mgeni asiye na ukoo

Kabla ya Utume, mtu mmoja wa Zubaid kutoka Yemen alileta bidhaa Makka. Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa mji, akazichukua asimlipe. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Alipanda mlima Abu Qubais akaita mbele ya watu. Ndipo baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Wakaenda kwa Al-As wakaichukua haki ya yule mgeni. Mtume (s.a.w.) alihudhuria kiapo hicho, Hilful-Fudhul, akiwa kijana wa rika letu. Baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama kile katika Uislamu, angeitika.

Ndugu zangu, yule wa Zubaid alikuwa na haki yake tangu mwanzo. Alichokosa ni watu wa kusimama naye. Ndugu yetu wa Tanga naye alikwenda Jinja peke yake mara nne akarudi mikono mitupu. Mara ya tano alikwenda na barua na watu wawili. Hawakugombana na mtu. Walikaa kwenye benchi, wakashuhudia muhuri ukigongwa. Jumuiya yetu ina wanafunzi wa sheria, ina watu wanaoandika Kiingereza kizuri, ina wahitimu wanaoishi Jinja. Tukiweka orodha ya watu watatu tu wa kumsindikiza ndugu yeyote mwenye shida ya namna hii, tutakuwa tumehuisha sunna ambayo wengi wameisahau.

Kisa kiliishaje? Pasipoti na shahada alivipata. Cheti cha tabia njema hakikuonekana, akalazimika kukiomba upya. Shule ya Mbale haikuweza kungoja, ikamchukua mwingine. Aliumia sana. Akagongewa muhuri wa kutoka pale Malaba, akapita Nairobi na Mombasa mpaka Horohoro na kwao Tanga, bila faini wala doa katika pasipoti. Miezi minane baadaye alipata kazi nyingine hapahapa Uganda, na alipoomba kibali hakukutwa na kosa la zamani. Safari hii alitengeneza barua pepe yake mwenyewe kwa ajili ya ombi, na alipokabidhi pasipoti alitoa karatasi mfukoni: "Tafadhali nisainie hapa kwamba umepokea." Wakili akasaini bila neno.

Ya kushika

1. Usikabidhi hati halisi bila risiti yenye tarehe, na ubaki na nakala ya kila ukurasa. Panapotosha nakala iliyothibitishwa, usitoe halisi.
2. Ombi lifanywe kwa barua pepe yako, na namba ya ombi uwe nayo.
3. Kazi ikikatika, omba vitu vyako kwa maandishi wiki hiyohiyo. Dai kwa orodha.
4. Nenda uhamiaji mwenyewe mapema ukaeleze hali yako.
5. Lipa unachodaiwa kwa haki, na usilipe deni la mwingine kwa pasipoti yako.
6. Usiende peke yako.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Ni wakati gani mkono wa amana hugeuka kuwa mkono wa dhamana? Toa mfano wa maisha ya chuo.
2. Linganisha haki ya fundi kuzuia nguo na haki ya wakili kuzuia faili. Zinakutana wapi, na zinaachana wapi?
3. Wewe mwenyewe una kitu gani cha mwenzio ulichoambiwa ukirudishe, na bado unamwambia "njoo Jumatatu"?

Swali la tatu kila mtu alijibu nafsini mwake kabla ya kulala leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe warudishaji wa amana, na awafungulie milango ndugu zetu waliofungiwa. Wabillahi tawfiq.